Chungu cha Ndizi Hadi Moshi

Sifa ni zake Mungu aliyeuweka Meru mahali pake na Kilimanjaro mahali pake, akaacha kati yao nafasi ya kutosha miguu ya watu kuchoka. Yeye hachoki, wala hakuna mahali anapofika amechelewa. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa akili ambayo bado inakumbuka. Haya nawaandikia wenzangu wa rika langu, tuliobaki wachache, tuliokulia kwenye ubavu wa mlima huu wakati Mwingereza anatawala, sisi ambao tukisema "mbali" tunajua tunachokisema.

Juma lililopita nilikuwa jikoni kwa mjukuu wangu. Alikuwa ameweka ndizi motoni, kisha akashika simu yake na kuzisahau. Ndizi zinapoanza kushika chini ya sufuria hutoa harufu yake ya peke yake, tamu na kali kwa pamoja, kama sukari iliyokasirika. Nikamwambia, "Mama, ndizi zinaungua." Akajibu, "Bibi, subiri kidogo, naangalia kitu. Unajua kutoka hapa mpaka Moshi ni kilomita themanini tu? Kwa ndege hata dakika thelathini hazifiki! Ni karibu mno, nani atajisumbua kupanda?" Akacheka, akazima jiko, akafungua dirisha. Mimi sikucheka. Nilikaa pale kwenye kiti nikiivuta ile harufu kabla haijatoka yote, kwa sababu ilikuwa imenirudisha kwenye asubuhi moja nilipokuwa na miaka kama tisa.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya mji, ng'ambo ya mto Themi, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaiona dunia yote, au ndivyo nilivyodhani. Chini yetu ulikuwa mji wa Arusha, mabati machache yaking'aa katikati ya miti. Upande wa kulia, mbali, ilikuwa tambarare ya Kisongo, ng'ombe wake wakionekana kama siafu. Upande wa kushoto barabara ilishuka kwenda Tengeru, ikapotea kwenye ukungu, na huko kwenye ukungu ndiko ilikokuwa Moshi. Baba alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu la Kilutheri. Mama alilima migomba na kahawa kidogo, na sauti yake katika kwaya ilisikika mpaka nje kwenye mbuzi. Bibi mzaa baba aliishi nasi. Tulimwita Koko, kama Waarusha wanavyowaita bibi zao. Alibatizwa akiwa tayari mzee, na alisali kama mtu anayemkumbusha jirani jambo walilokubaliana.

Koko hakuwa na saa, wala hakuitamani. Alikuwa na chungu chake cha ndizi. Chungu kimoja, kikiwa kimejaa, juu ya kuni kavu za mzeituni wa porini, tangu kuwekwa motoni hadi ndizi kulegea: hicho ndicho kilikuwa kipimo chake, na kilitutosha sisi sote. Kwenda mjini kwa miguu na kurudi kulikuwa vyungu viwili, kimoja cha kushuka na kimoja na robo cha kupanda, na ile robo aliwasamehe wenye mizigo. Ibada ya Jumapili ilikuwa chungu kimoja, na Baba akihubiri kwa kupanuka rohoni, kimoja na nusu. "Leo umeziunguza ndizi zangu," Koko alikuwa akimwambia, na Baba alijua maana yake.

Lakini Moshi haikupimwa kwa chungu. "Moshi inapimwa kwa kulala," Koko alisema. Baba alikuwa amekwenda huko kwa masomo ya wainjilisti, kwa miguu. Alilala njiani mara mbili, akarudi na malengelenge aliyotuonyesha kwa heshima kama vyeti.

Kitu chenye mwendo kuliko vyote nilivyovijua kilikuwa lori la kubeba kahawa. Nililipanda mara moja tu, nikiwa na Baba, tulipopewa lifti kutoka mjini kwenda Tengeru na kurudi. Siku ile Koko alishuka mjini nasi kumtembelea dada yake. Aliweka ndizi motoni lori lilipoondoka, na tuliporudi, nywele zetu nyekundu kwa vumbi, ndizi ndiyo kwanza zilikuwa zikiepuliwa. Kwa hiyo nilijua, kama nilivyojua jina langu: Tengeru na kurudi, kwa kitu chenye mwendo kuliko vyote duniani, ni chungu kimoja cha ndizi.

Naomba msomaji wangu ukishike kipimo hicho, maana ndicho kilichonitoa nyumbani.

Masika ya mwaka ule yalikuja na hasira. Mito yote inayotoka mlimani ilijaa, na daraja moja mbele ya Usa likachukuliwa na maji, magari yakakoma kupita. Katika juma hilohilo Mama akashikwa na uchungu wa kujifungua, na mtoto akakataa kutoka. Sikuambiwa hivyo. Watoto hatukuambiwa mambo hayo. Niliona tu wanawake wakiingia na kutoka siku ya kwanza wakizungumza, siku ya pili wakinong'ona, siku ya tatu wakinyamaza. Nikajua kwamba kunyamaza ni kubaya zaidi.

Wanaume wa kanisa wakamfunga Mama kwenye machela ya ngozi ya ng'ombe na miti miwili, wakashuka naye mjini kwenye matope. Huko hospitali ikaonekana kwamba anahitaji kupasuliwa, na daktari wa kupasua alikuwa Moshi, na barabara haikuwepo. Hapo ndipo Mungu alipomleta mtu tusiyemfikiria. Mzungu mmoja mwenye shamba la ngano upande wa Monduli, ambaye watu walimwita Bwana Ngano, alikuwa na ndege yake ndogo pale Kisongo. Alisikia habari kutoka kwa mwuguzi. Akasema mawingu yakifunguka asubuhi, atampeleka. Nafasi ilikuwa ya Mama kulala na mwuguzi kukaa kando yake. Nafasi ya Baba haikuwepo. Baba akasema, "Basi nitafuata kwa miguu," kama vile anafuata mtu aliyetangulia kisimani.

Asubuhi mawingu yalifunguka. Mimi na Koko tulikuwa mlangoni. Koko alikuwa ameamka mapema sana na kumenya ndizi, na nilipoona zilivyo nyingi nilishangaa: chungu cha kwanza kilikuwa kimejaa, na kando yake beseni mbili zimefurika.

"Koko, kuna wageni?"

"Hakuna wageni. Nataka kujua mama yako atafika saa ngapi. Ndege ni hodari, lakini Moshi ni Moshi. Nimemenya za vyungu vitatu. Zikipungua, utakwenda kunikatia mkungu mwingine."

Hakuwa anapika ili tule. Alikuwa anapima.

Ndipo tukaiona. Ilitoka Kisongo kama nzi anayejinasua kwenye maziwa, ikapanda kwa shida, ikazunguka, ikaja upande wetu. Nilikuwa nimewahi kusikia ndege zikipita juu ya mawingu, lakini hii ilipita chini ya mlima, na sisi tulikuwa mlimani. Kwa hiyo haikupita juu yetu. Ilipita mbele yetu, sawa na macho yetu, kisha ilipoinama kidogo nikauona mgongo wake. Ndugu zangu, mpaka leo sijui niseme nini kuhusu hilo. Kitu kinachoruka, nami nakiona mgongo! Jua lilikuwa limelala juu ya mabawa yake kama siagi. Ndani ya kitu kile kidogo, kisichozidi kidole changu, alikuwa mama yangu mzima, na kanga yake, na maumivu yake. Ng'ombe waliacha kula. Mbwa wetu alijificha ghalani. Koko alipuliza moto, akaweka chungu.

Sauti ilikwenda upande wa Tengeru, ikawa kama nyuki, ikawa kama kumbukumbu ya nyuki, ikaisha. Nikahesabu mitungi ya maji, nikahesabu kuku, nikakaa. Ndizi zikaanza kutokota. Koko alikuwa akisali kwa Kimaasai chetu cha Kiarusha, kwa sauti ya kawaida: "Umeshika upande wa kichwa, Baba? Shika na upande wa miguu. Usimwachie huyo Mzungu peke yake."

Na kabla hajasema amina tukasikia nyuki tena.

Mwanzoni nilidhani ni mwangwi. Lakini ilikua, ikatoka kwenye ukungu upande wa kushoto, ileile, ikapita mbele yetu tena ikiwa nyepesi zaidi, ikielekea Kisongo. Ikashuka. Tukaiona ikigusa ardhi na kuinua vumbi kidogo pale palipokuwa pakavu. Koko alisimama na kijiko cha mti mkononi, mdomo wazi. Tulikaa hivyo mpaka ile harufu ikatufikia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, bila mahubiri ya Baba, Koko alikuwa ameziunguza ndizi.

Alikiangalia chungu. Akaziangalia zile beseni mbili ambazo hazikuguswa.

"Chungu kimoja," alisema polepole. "Kwenda na kurudi. Hakuna Moshi ya chungu kimoja."

Alasiri akaja Mzee Loserian, mzee wa kanisa, jirani yetu, ambaye alikuwa mbele kwenye machela. Nikamwinamishia kichwa anishike, kama tunavyosalimia wakubwa, naye akanigusa kwa mkono wenye matope.

"Amefika," alisema hata kabla ya kukaa. "Mama amefika Moshi. Bwana Ngano amesema amemkabidhi."

"Wewe umeiona Moshi?" Koko akamwuliza.

"Mimi, Koko? Mimi nilikuwa Kisongo."

"Kwa hiyo umeona ndege inaondoka, na ndege inarudi."

"Ndiyo."

"Na katikati?"

Mzee Loserian akakuna kichwa. "Katikati ni huyo Mzungu anasema."

"Ndizi hazijaiva, Loserian! Mtu gani anakwenda Moshi na kurudi ndizi hazijaiva?"

"Koko, ile si miguu. Ile ni injini."

"Hata lori ni injini."

Mzee akaomba maziwa, akanywa, akaaga upesi. Nikamwuliza alipokuwa mlangoni, Baba yuko wapi. Akasema Baba aliianza safari palepale ndege ilipopaa, hakungoja hata irudi, viatu vyake amevitundika shingoni ili visiharibike kwenye matope.

Hapo ndipo akili yangu ya miaka tisa ilipofanya kazi yake. Koko alikuwa amebaki na fumbo, lakini mimi nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa jepesi. Chungu kimoja kwenda na kurudi ni Tengeru. Ndege haikufika Moshi. Labda mawingu yaliizuia, labda Bwana Ngano alichoka, labda Mama alilia akaomba ashushwe. Ilimteremsha Tengeru, ikarudi. Na Baba alikuwa anatembea kwenda Moshi, atapita Tengeru bila kugeuka, atalala mara mbili, atafika, na Mama hayupo. Mama atakuwa amelala mahali fulani Tengeru, peke yake, katikati ya watu wasiomjua, na hakuna hata mtu mmoja duniani anayejua isipokuwa mimi.

Sikumwambia Koko. Niliona uso wake umeshabeba vya kutosha.

Kesho yake, nilipotumwa maji, niliuficha mtungi kwenye migomba nikaenda. Nilifuata njia ya ubavuni, ile inayokata mito kabla haijawa mikubwa. Vijito vya kwanza nilivivuka kwa mawe. Mto Nduruma nilivuka nimeshika mkia wa ng'ombe wa mtu ambaye hakuniuliza kitu. Mvua ilinyesha ikaacha, ikanyesha tena. Nilikuwa naimba nyimbo za shule ya Jumapili, si kwa ujasiri, bali ili Mama akiwa karibu na njia asikie sauti anayoijua.

Nilifika Tengeru jua likiwa limesogea, na kwa neema ya Mungu ilikuwa siku ya soko. Akina mama wa Kimeru walikuwa wamepanga mikungu, viazi, magimbi, maboga. Kimeru sikukijua, nao hawakujua Kimaasai chetu, basi nikatoa Kiswahili changu cha darasa la tatu, nikakinyoosha kama sare.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unataka ndizi?"

"Namtafuta mama yangu. Aliteremshwa hapa jana kutoka kwenye ndege."

Yule mama, mnene, mwenye kilemba cha njano, akawageukia wenzake. "Sikieni! Mtoto wa Kiarusha anasema mama yake ameteremshwa hapa na ndege!"

"Ameteremshwa wapi, juu ya mgomba?" mmoja akauliza.

"Mama yako ni kunguru?"

"Angalieni vizuri kwenye mikungu yenu, watu wasije wakamnunua!"

Wakacheka mpaka mmoja akashika kiuno. Nami nikaanza kulia, si kwa kuchekwa, bali kwa sababu niliona wazi kwamba Mama hayupo pale. Mama mwenye kilemba cha njano aliacha kucheka kwanza. Jina lake lilikuwa Mama Anaeli. Akaniambia nisogee, na mimi, nisijue la kufanya, nikainamisha kichwa. Akaweka mkono wake juu yake. Ulikuwa na utomvu wa ndizi, ulinata kwenye nywele zangu, na sijasahau uzito wake.

"Sema vizuri," alisema. "Nani kakwambia ndege ilimwacha hapa?"

Nikaeleza. Nikaeleza uchungu wa Mama, na daraja, na Bwana Ngano, na chungu cha Koko, na lori la kahawa, na ndizi zilizoungua. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo walivyonyamaza. Nilipomaliza, mmoja wao akasema taratibu, "Jamani. Lakini huyu mtoto hajakosea. Lori huenda hivyohivyo."

"Mimi ile ndege niliiona jana," akasema mwingine, mwembamba, mwenye viazi vitamu. "Nilikuwa shambani. Nililala kifudifudi."

"Ilitua?" nikamwuliza.

"Itue wapi, mwanangu, kwenye viazi vyangu? Ilipita. Ikafuata kule jua linakotoka. Halafu ikarudi, mimi sijamaliza hata tuta moja."

"Kwa hiyo ilipita Tengeru?"

"Ilipita kabisa."

Kama ilipita, basi nilikuwa nimepotea na kipimo changu. Lakini Mama Anaeli alikuwa ameshasimama. Alikuwa mtu asiyeacha jambo katikati. Akaweka mikono kiunoni, akaita kwa sauti iliyopasua soko: "Nani hapa anatoka Usa?"

Mzee mmoja mwenye kuku akainua mkono.

"Jana asubuhi, ndege?"

"Ilipita. Kuku hawa hawakutaga kwa ajili yake."

"Ilitua?"

"Haikutua."

"Nani anatoka Maji ya Chai?"

Akapatikana msichana muuza maziwa. Ilipita, haikutua, maziwa yalimwagika. "Kikatiti?" Mama mwenye mtoto mgongoni: ilipita, mtoto alipiga kelele, ikarudi mtoto hajanyamaza. Watu wakaanza kujisogeza wenyewe. Sasa soko zima lilikuwa linaifukuzia ile ndege, mdomo kwa mdomo, kijiji kwa kijiji, na kila aliyesema aliisukuma mbele kidogo kuelekea mawio. Mimi nilikuwa katikati nimeinua uso, nikageuka huku na huku kuona nani anayefuata. Sikuwa nalia tena. Nilikuwa naogopa, lakini kwa namna nyingine, kama mtu anavyoogopa kanisani wakati wote wamesimama. Hawa watu walikuwa wametembea tangu alfajiri, wengine tangu jana, kuja kusimama mahali hapa pamoja, na kile kitu kilikuwa kimepita juu ya vichwa vyao vyote kabla ndizi za bibi mmoja hazijaiva.

"King'ori?" Ilipita.

"Nani katoka mbele ya King'ori?"

Akaita tena. Kisha sauti kutoka kwa wauza visu. "Mimi nimetoka Boma ya Ng'ombe." Alikuwa mhunzi wa Kichagga, mzee mkavu, mikono yake imejaa alama za cheche. "Nilitoka jana adhuhuri, nikalala King'ori, maji tumevuka kwa kamba. Hiyo ndege niliiona asubuhi kabla sijafunga mzigo. Ilikuwa inashuka."

"Inashuka wapi?" Mama Anaeli akauliza.

"Moshi. Ukiwa Boma unaona. Ilishuka kule chini kama mwewe, ikakaa kidogo, kama mtu kuvuta kiko kimoja, ikapanda tena ikarudi."

Nakumbuka mama wa viazi aliinua macho akaangalia mawingu, ambayo hayakuwa na kitu. "Yesu wangu," akasema. "Kumbe Moshi iko hapo tu."

"Haiko hapo tu," mhunzi akajibu, akionyesha miguu yake iliyovimba. "Iulizeni hii."

Kisha akaniangalia mimi. "Baba yako ni mrefu? Viatu shingoni?"

"Ndiyo!"

"Tulipishana jana jioni, kabla ya King'ori. Anakwenda karibu mbio. Nilimwambia, mwalimu, pumzika. Akasema, mke wangu yuko mbele."

Mama Anaeli hakuniruhusu kwenda hatua nyingine. Alinipeleka kwake, akaninywesha maziwa ya moto, na kesho yake akanikabidhi kwa wanawake waliokuwa wakienda mjini na magimbi. Koko alikuwa ameshapata habari kwa watu wa njiani. Nilimkuta mlangoni ameshika fimbo. Aliiinua, akaniangalia, ikamponyoka. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanitemea mate ya baraka kwenye utosi kama wazee wetu wanavyofanya, akanitemea tena na tena, mpaka paji langu likalowa.

"Ilifika, Koko," nikamwambia. "Mtu ameiona ikishuka."

"Ndege ilifika," alisema. "Nimesikia. Mama yako je?"

Hilo hakuna mtu wa soko aliyelijua. Tukangoja. Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu kuliko barabara yoyote. Koko hakupima tena kitu, alipika tu.

Siku ya nane Baba aliingia, amekonda, viatu bado shingoni. Alikaa kwenye kigoda. Alijaribu kusema, akashindwa, akacheka, akalia, na kwa kicheko kile tukajua kabla ya maneno.

"Yu mzima," alisema. "Na mtoto. Wa kiume. Mkubwa hivi."

Koko akapiga vigelegele mpaka Mzee Loserian akaja mbio akidhani ni msiba. Wote walipokaa, Baba akasimulia. Walimpasua asubuhi ileile, muda mfupi baada ya kufika. Daktari alimwambia kwamba Mama angechelewa mpaka jioni wasingekuwa na la kufanya kwa yeyote kati yao wawili. Mama naye alimtuma atuletee nyumbani maneno yake: kwamba alifumbua macho mara moja tu huko juu, akaona moshi wa jikoni kwetu, akafumba tena akiwa ametulia.

Kisha Baba akaangalia mikono yake.

"Kuna jambo linanisumbua," akasema. "Nilipofika Kikafu, siku ya pili, maji yalikuwa juu, na giza linakuja. Nikapiga magoti kwenye matope. Sijawahi kuomba hivyo. Nilimwambia Mungu, chukua chochote, niachie yule mwanamke. Niliomba mpaka sauti ikaisha. Sasa nahesabu. Saa ile nilipokuwa nalia pale, mke wangu alikuwa na siku nzima na zaidi tangu apone. Alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji."

Koko akamtazama mwanawe. "Sasa yale maombi yako yalikuwa ya nini?"

Mimi nilimwangalia yule mwinjilisti, aliyekuwa na jibu la kila swali la katekisimu, akitafuta jibu. Mvua ilikuwa inaanza kwenye migomba.

"Yalikuwa ya shukrani," alisema mwisho. "Ila sikujua."

Nimeishi na jibu hilo miaka yote hii. Nimemzika Koko, nimewazika Baba na Mama, na nimefika Moshi mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, kwa basi na kwa gari la watoto wangu, nikilala usingizi njiani bila hofu. Nimeomba kwa machozi mambo mengi, na mara nyingi habari zilipofika nilikuta yalishatendeka zamani, mimi nikiwa bado naanza kupiga magoti. Si yote. Mengine yalikuwa hapana, na hiyo nayo ilikuwa imeshatamkwa. Lakini sijaacha kustaajabu kwamba sisi tunaenda kwa miguu, hofu yetu inaenda kwa miguu, habari zetu zinaenda kwa miguu, na rehema yake inatupita juu kwa juu tukiwa tumelala kifudifudi kwenye viazi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulindie miguu yako kwenye kila mto. Na kama leo uko njiani kumwendea mtu usiyejua kama utamkuta hai, Bwana akufikishe umkute amekaa, anakunywa uji.